Mwaka Nilipomchukua Mtoto wa Poni

Mwezi uliopita tulimzika Mama Joisi, na kwenye matanga yake huko Kator nilishindwa kula. Haikuwa kwa majonzi. Chakula kilikuwa kizuri, asida, ugali wetu laini, na mboga za majani zilizoungwa kwa karanga, jinsi marehemu mwenyewe alivyopenda kupika. Lakini sahani ilipofika mapajani mwangu, Mama Estela akasimama na kushika kipaza sauti. Wakati wa vita Mama Estela alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu dogo kule Jebel. Mwili wake umezeeka, sauti yake haijazeeka. Alisema yeye na marehemu ndio waliosimama na watoto walemavu wakati hakuna aliyewataka, kisha akaninyooshea kidole mimi na binti yangu Kiden, aliyekuwa kwenye kiti chake cha magurudumu. "Ushahidi ule pale," akasema. "Mtoto yule tulimlea pamoja." Watu wakapiga makofi. Nikairudisha sahani bila kuigusa. Watu hudhani kinachobaki baada ya miaka mingi ni hasira. Hasira yangu ilikwisha zamani. Kilichobaki ni kinyaa, kile cha kweli, cha kooni, kama mtu aliyemeza nzi. Ndiyo maana nauandika mwaka ule jinsi ulivyokuwa, pamoja na sehemu yangu mwenyewe, ambayo nayo inatia kinyaa, maana nisipoiandika nami nitakuwa nimeshika kipaza sauti.

Nilikuwa sijafika miaka thelathini, sijaolewa, napika katika hoteli moja ya mtaa wa Amarat. Ilikuwa hoteli ya vyumba vya mabati vilivyopangwa kama makasha, jenereta linaunguruma mchana kutwa, na wageni wake wengi walikuwa watu wa mashirika. Aliyeosha vyombo pamoja nami aliitwa Poni. Hakuwa mwenye maneno mengi. Nilijua ana watoto wawili wa kike, mkubwa wa miaka tisa na mdogo wa miaka minne, na nilijua mdogo "ni mgonjwa", basi. Wiki ile risasi zilipoanza mjini, Poni alikuja kazini mbio asubuhi, yule mdogo akiwa mgongoni. Akamshusha kwenye sakafu ya stoo, katikati ya magunia ya unga. Yule mkubwa alikuwa amebaki kwa jirani. "Agnes, nishikie huyu kidogo tu," akaniambia. "Mbio na wawili siwezi. Namfuata dada yake, narudi." Nikamwambia angoje risasi zipoe. Akanitazama kama mtu anayesikiliza upuuzi, akajifunga lawa yake, lile shuka la juu ya nguo, vizuri kiunoni, akatoka kwa mlango wa nyuma. Sikumwona tena. Baada ya siku sita mwanamume wa mtaani kwao alinitafuta kuniambia kwamba Poni na yule msichana walipigwa risasi wakiwa barabarani, wameshikana mikono, na kwamba waliwafukia hapo hapo kwa sababu hapakuwa na pa kuwapeleka.

Siku tatu za mwanzo nilikaa na Kiden kwenye stoo ile. Nitasema kweli: nilimwogopa. Miguu yake ilikuwa imejikaza na kupishana kama mkasi, shingo haishiki kichwa, mate yanamtiririka hadi kifuani. Nilipomlaza na kumtilia uji mdomoni kwa kijiko, alikohoa akautapika wote mikononi mwangu, nami nikakimbia nje kutapika pia. Mtindio wa ubongo, hilo jina nilikuja kulijua baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba nanuka. Siku ya nne magari yalikuja kuwachukua wageni kwenda uwanja wa ndege. Nilimbeba Kiden hadi langoni, nikamwomba mgeni mmoja niliyempikia mayai kila asubuhi kwa miezi minane, atuchukue walau hadi kwenye kambi iliyokuwa njiani. Akasema kwa upole sana kwamba nafasi zimejaa, kwamba anasikitika mno, kwamba kuna utaratibu. Kisha akapanda, na mwenzake akampa mbwa wake kupitia dirishani, na mbwa yule akakaa kwenye kiti. Nikabaki langoni na mtoto wa watu, vumbi la magari likishuka juu yetu. Meneja akasema nyuma yangu, "Hoteli ikifunguliwa, huyo asiwe hapa."

Nilikuwa nimepanga chumba kule Jebel, chini ya mlima, katika kiwanja cha vyumba vitano vyenye choo kimoja na mapipa ya maji ya pamoja. Majirani walikuwa watu kama mimi, waliorudi kutoka Uganda na Kenya wakiamini shida imekwisha. Walinipokea vizuri siku mbili. Siku ya tatu niliona wamefunika mapipa na kuyafunga kwa kamba. Nilisikia mazungumzo yao kupitia ukuta wa bati. Ukuta wa bati hauna siri. "Mate yake yakiingia kwa maji, mtoto yenye uko na yeye tumboni atatoka hivyo hivyo," mmoja alisema, na mwenzake mwenye mimba akajibu, "Wallahi mimi nilimwangalia mara moja tu, sijalala." Ndio hao hao waliokuwa wakinigongea asubuhi kuomba chumvi. Nikaanza kumfungia Kiden ndani nilipokwenda kuchota maji. Nikaanza kumfunika uso kwa kitambaa nilipombeba njiani, nikijiambia ni kwa ajili ya vumbi.

Nikaenda kanisani, maana ndiko mtu alikokwenda. Mama Estela alitupokea kwa machozi. Akina mama kumi na wawili walituzunguka, wakaimba, wakamlaza Kiden kwenye mkeka na kuweka mikono juu yake. Mikono ile ikawa mizito. Mmoja aliikandamiza miguu yake ili inyooke kwa jina la Bwana, mwingine akaminya tumbo akisema kitu kimo humo na lazima kitoke. Kiden alilia kilio ambacho sijasikia tena mfano wake, akatapika, nao wakashangilia kwamba kimetoka. Nilisimama pembeni nikasema "Amina." Nilisema mara tatu. Jumapili iliyofuata walikuja wageni wenye kamera, na Mama Estela akaniomba mtoto. Akampakata, akaegemeza shavu lake kwenye kichwa cha Kiden, akatabasamu hadi picha zikaisha. Kisha akanirudishia, akafungua mkoba, akatoa leso na kujifuta shavu, shingo, kidole kimoja kimoja, akaitupa leso ile kwenye shimo la takataka. Hakujua namwona. Au alijua, na hakuona ubaya.

Kuhusu karatasi za kumchukua mtoto, ofisi niliyotumwa ilikuwa na karani mmoja tu, anakunywa chai kutoka glasi ndogo na soksi zake zimeanikwa dirishani. Nikamweleza. Akamtazama Kiden kwa muda, bila chuki yoyote, kama mtu anayetaka kukushauri sokoni. "Dada," akasema, "mwaka huu yatima wamejaa. Mbona usichukue mzima?" Nikamwambia sikuja kuchagua. Akasema basi nilete barua ya ndugu wa mtoto, barua ya kanisa na barua ya mume. Ndugu niliwatafuta nikampata mmoja, Lado, muuza mkaa, kaka wa marehemu baba yake Kiden. Hakusimama kutoka kwenye kiti. "Hii ilimuua ndugu yangu, sasa imemuua na mke wake," akasema. "Itupe mtoni. Mto hauulizi maswali." Barua hakuandika. Mama Estela naye alisema kanisa haliwezi kumwandikia mwanamke asiye na mume, watu watasema mtoto nimemzaa mwenyewe nje ya ndoa na namsingizia marehemu.

Sasa nafika pale ambapo ningependa kuruka. Hoteli ilifunguliwa tena, na nilihitaji kazi. Kulikuwa na nyumba ya kulelea watoto mwendo wa nusu saa kutoka kwangu, ya watu binafsi, sijui kama bado ipo. Nilimpeleka Kiden asubuhi moja, nikamwachia mwanamke mmoja mnene aliyekuwa akitafuna kitu. Sikumwambia Kiden lolote. Nilijiambia haelewi. Nilipogeuka aliniita, si kwa neno, kwa ile sauti yake ya "eee" anayoitoa mpaka leo akiniona naondoka, nami nikaongeza mwendo. Siku kumi na moja. Nililala vizuri. Nilifua nguo zangu zote, nikapaka mafuta, nikanunua hereni. Watu wanaoniita mama shujaa hawajawahi kuniuliza juu ya siku hizo, na Mama Joisi, aliyejua, hakuwahi kumwambia mtu.

Mama Joisi alikuwa akiuza asida na maharage sokoni Jebel, chini ya kibanda cha mabua na turubai, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kugombana hata akikusalimu. Kiswahili chake alikiokota sokoni Arua, Uganda, na hakujali kukitengeneza. Siku ya kumi na moja nilikuwa pale mchana, nakula kwa hamu. Akanitazama nikimaliza sahani, akanipa nyongeza niliyoomba.

"Wapi ile mtoto ulikuwa unafunika kama nyama?" akaniuliza.

"Yuko mahali pazuri, mama. Wanamtunza."

"Wewe ulienda kuangalia yeye?"

Nikamega tonge lingine. Akainyanyua sahani kutoka mbele yangu, chakula kikiwa bado nusu. "Mimi naogopa mtu yenye anakula vizuri hivi," akasema. "Simama. Kuja huku." Nikadhani ananifukuza. Akasogeza gunia lililoning'inia nyuma ya jiko, na huko, katika nafasi isiyozidi vitanda viwili, alikuwa amekaa msichana wa miaka kumi na mmoja, miguu kama ya Kiden, mikono kama ya Kiden, lakini amekaa. Amekaa wima, kwenye kiti kilichokatwa kutoka jerikeni kubwa na kufungwa kwa mpira wa baiskeli. Alikuwa na maharage kidevuni. Akanichekea. "Huyu ndiyo Joisi," Mama Joisi akasema. "Miaka kumi na moja nauza chakula hapa mbele, na watu wanakula. Wangejua yeye iko huku nyuma, hakuna mtu angekula. Sasa wewe umejua. Unataka kutapika? Tapika, halafu twende tuchukue mtoto."

Alifunga kibanda mchana ule ule. Tulimkuta Kiden katika chumba chenye vitanda vinane vya chuma na dirisha moja. Walikuwa wamemfunga kifundo cha mguu kwenye kitanda kwa kipande cha lawa, "asianguke", na nguo aliyovaa ilikuwa ile niliyompeleka nayo. Sitaeleza mgongo wake ulivyokuwa. Mwanamke mnene alikuwa akimlisha mtoto mwingine kwa kumlaza chali na kumbana pua ili ameze, akitafuna bado, akizungumza na mwenzake juu ya harusi ya mtu. Hakukasirika tulipokuja kumchukua. Hakuuliza hata sisi ni nani. Kiden aliponiona hakutoa sauti yoyote. Aligeuza uso ukutani, na nikajua kwamba anaelewa, kwamba siku zote alikuwa akielewa. Mama Joisi alikifungua kile kitambaa kwa meno. Njiani nikaanza kulia, akanikatiza. "Kilio kalas, basi. Shika kichwa yake vizuri."

Usiku huo tulilala kwa Mama Joisi, kesho yake sikwenda hotelini, na meneja akanifuta kazi. Mama Joisi akanipa kazi ya kusonga asida. Ndiye aliyenifundisha kumlisha Kiden: amekaa, goti langu nyuma yake, kidevu kimeinama mbele, kijiko kidogo, ngoja ameze. "Wewe nafikiri huyu ni gunia? Hata wewe nikulaze nikumwagie uji, utakufa." Alinifundisha kumsugua miguu kwa mafuta ya mbegu za mti wa lulu, yale mazito yenye harufu ya moshi, kuanzia nyonga kwenda chini, polepole, mpaka mkasi ule ufunguke wenyewe. Na baada ya wiki kadhaa akaniambia nije Alhamisi, soko likipoa. Walikuja wanawake wanne, tukabanana nyuma ya kibanda. Kila mmoja alikuja na mzigo mgongoni, umefunikwa uso. Walipoingia na gunia likateremshwa, walifunua mizigo yao, na walikuwa watoto. Mmoja alikuwa na kichwa kikubwa, mwingine hasikii wala haoni, mwingine msichana mkubwa wa miaka kumi na minne aliyebebwa bado kama mtoto mchanga. Nilikuwa nimewaona wanawake wale sokoni kwa miaka. Mmoja ndiye aliyeniuzia hereni. Hatukuwa watakatifu. Tuligombana juu ya mkeka, juu ya sabuni, juu ya nani mtoto wake ana nafuu. Lakini mmoja akiumwa mwenzake alilisha wawili, na risasi zilipoanza tena upande wa magharibi tulijua tayari nani atambeba nani.

Miezi tisa tangu Poni aondoke, Lado alikuja na shati lililopigwa pasi. Uvumi ulikuwa umeenea kwamba familia zenye mtoto mlemavu zinaandikishwa kwanza kupelekwa nje ya nchi, mbali na vita. Ulikuwa uongo, lakini Lado aliuamini, na ghafla Kiden akawa damu ya ndugu yake. Alinishitaki kwa chifu, ambaye watu wa pale humwita sultani. Shahidi wake alikuwa Mama Estela. Alisimama mbele ya wazee wanne na nusu ya mtaa, Biblia kifuani, akasema kwa huzuni kubwa kwamba mimi ni msichana asiye na mume, na kwamba nilimtupa mtoto siku kumi na moja akafungwa kama mbuzi, habari aliyoipata kwenye nyumba ile ile ya watoto. Sultani akaniuliza kama ni kweli. Nilikuwa nimeandaa uongo mzuri. Nikamtazama Lado na shati lake, nikamtazama Mama Estela, na nikaona kwamba nikiusema nitakuwa nimeketi benchi moja nao.

"Ni kweli," nikasema. "Nilimtupa. Nikaenda kumchukua. Wao walimtupa hawajaenda kumchukua mpaka leo."

Kukawa na kelele. Katikati ya kelele zile Mama Joisi akaingia, na Joisi mgongoni, uso wazi. Nyuma yake wale wanne wengine, na watoto wao, nyuso wazi wote, mchana kweupe. Watu wakarudi nyuma wenyewe. Mwanamke mmoja akamziba macho mwanawe. Walikuja wakawaketisha watoto kwenye vumbi mbele ya meza ya wazee, mstari mmoja. Mama Joisi aliweka bakuli la uji miguuni mwa Lado. "Hii mtoto haijakula tangu asubuhi," akasema. "Wewe ndiyo mwenye yeye. Lisha, tuone, turudi kazi." Lado akacheka. Sultani hakucheka. Lado akampakata Kiden kwa ncha za vidole, akamlaza, akamtilia kijiko kilichojaa. Nilijua kitakachotokea, na nikanyamaza sekunde mbili zaidi ya ilivyopasa. Hilo pia ni langu. Kiden akapaliwa, uji ukamrukia Lado kwenye shati, kifuani, mdomoni. Alimsukuma kutoka mapajani kama mtu anayejikung'uta siafu. Nilimdaka kabla kichwa hakijafika chini. Nilipomkalisha na kumpiga mgongo mpaka pumzi ikarudi, Lado alikuwa akitema mate pembeni, akifuta ulimi kwa mkono. Sultani, mzee mnene aliyekuwa amesinzia asubuhi nzima, akamwambia mwandishi wake, "Andika mtoto ni wa huyu dada." Barua ile ya sultani ilitosha. Ndiyo iliyonipa karatasi zingine zote baadaye.

Tuliporudi kibandani nilitaka kusema maneno ya shukrani. Nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Mama Joisi alikuwa akichochea moto, na macho yake yalikuwa njiani, maana sasa soko lote lilijua nani amekaa nyuma ya gunia, na wateja watatu walikuwa wamepita bila kusimama. "Wachana na asante," akasema. "Alhamisi ni zamu yako. Wewe iko nasugua ya kwako tu."

Alhamisi nilikwenda. Wakanipa yule msichana mkubwa wa miaka kumi na minne, mzito, ambaye mama yake alikuwa na homa. Nilimlaza kwenye mkeka, nikamimina mafuta viganjani, nikaanza kwenye nyonga. Nilipofika magotini akajisaidia, yote, juu ya mapaja yangu, kwenye lawa yangu safi ya pekee. Wanawake wakageuka kunitazama, na hakuna aliyeinuka kunisaidia. Kinyaa kilinipanda hadi kooni. Nikaomba mtu aniletee maji, nikamsafisha, kisha nikarudi kwenye magoti yake, pale nilipoishia.